Somo: Kuchagua mkazo wa nyuzi za raketi ya tenisi kwa hali ya hewa ya Tanga

Ndugu wanachama,

Wachezaji wengi wa hapa Tanga humkabidhi fundi raketi na kumwambia “kaza” bila kutaja namba yoyote ya pauni za mkazo, kisha hulaumu mkono pale mipira yao inapoishia kwenye wavu. Somo hili linaeleza namna ya kuichagua namba hiyo, na kwa nini namba hiyo haidumu.

Hatua ya kwanza: elewa mkazo unafanya nini

Mpira hukaa juu ya nyuzi kwa muda mfupi mno, takribani sehemu nne au tano za elfu moja ya sekunde. Katika muda huo nyuzi hubonyea, na mpira nao hubonyea. Nyuzi hurudisha zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nguvu zinazopokea, lakini mpira ni mbadhirifu: kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, zinataka mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka sentimita 254 udunde hadi kati ya sentimita 135 na 147 tu, yaani karibu nusu ya nguvu hupotelea ndani yake. Nyuzi zikilegea, zenyewe ndizo zinazobonyea zaidi na mpira hubonyea kidogo, hivyo upotevu hupungua. Zikikazwa, mambo hugeuka.

Hata hivyo, tofauti ya kasi ni ndogo kuliko inavyosimuliwa vijiweni. Kinachoonekana wazi uwanjani ni mahali mpira unapoangukia. Kwa nyuzi legevu mpira hutoka ukiwa juu kidogo na kuangukia karibu na mstari wa nyuma, au hata nje; kwa nyuzi zilizokazwa hutoka chini zaidi na kuanguka mapema. Kwa hiyo yule ambaye mipira yake inagonga wavu, akiagiza akaziwe, anaongeza tatizo lake mwenyewe.

Hatua ya pili: soma fremu

Karibu na shingo ya raketi huandikwa kiwango kinachopendekezwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya pauni 50 na 60, sawa na kilo 22.7 hadi 27.2. Anayetumia nyuzi za nailoni na aanzie katikati. Usiige namba za mabingwa: Björn Borg aliwamba raketi zake za mbao kwa takribani pauni 80, ilhali Mfaransa Adrian Mannarino hucheza na nyuzi zilizo chini ya pauni 30, na wote wawili wameishi kwa mchezo huu.

Hatua ya tatu: amua aina ya uzi kabla ya namba

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wengi wanapopita haraka. Uzi wa poliesta, uliopata sifa kubwa baada ya Mbrazili Gustavo Kuerten kushinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1997, ni mgumu. Huteleza na kurudi mahali pake wakati wa kupiga, na hivyo huusaidia mpira kuzunguka. Lakini hupoteza mkazo upesi na hupeleka mtikisiko mwingi mkononi. Anayetoka kwenye nailoni kwenda kwenye poliesta na apunguze takribani asilimia 10: aliyezoea pauni 55 aanze na 50. Uzi wa utumbo wa ng'ombe huhifadhi mkazo kuliko nyuzi zote, ila bei yake ni kubwa na unyevu ni adui yake. Kwa mji wa pwani kama wetu, hasa wakati wa masika, mimi nisingeununua.

Hatua ya nne: uliza mashine

Mashine ya kuwambia ya mkono, inayojifunga uzi ukifikia kipimo, huacha nyuzi legevu kidogo kuliko mashine inayoendelea kuvuta, ingawa zote mbili zimewekwa pauni ileile. Ukibadili fundi, namba yako ya zamani inahitaji kupimwa upya.

Hatua ya tano: rekebisha kidogo kidogo

Badilisha pauni mbili kwa wakati mmoja, na usibadilishe uzi na mkazo kwa pamoja, la sivyo hutajua kilicholeta mabadiliko. Usihukumu mara tu raketi inapotoka kwa fundi, kwa maana mkazo hushuka zaidi katika saa za mwanzo kuliko baadaye. Wakati wa joto la kaskazi mpira hudunda zaidi na nyuzi hulainika, hivyo pauni moja au mbili za nyongeza zinafaa. Wakati wa masika mpira hunyonya unyevu, huwa mzito, na waweza kupunguza kiasi hichohicho. Na tafadhali, raketi isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Chumbageni:* Shikamoo mwalimu. Kiwiko kinaniuma tangu nilipoanza kutumia poliesta. Je, nikaze au nilegeze?

*Jibu:* Marahaba. Legeza, lakini kwanza achana na poliesta, kwa sababu ugumu wa uzi huumiza zaidi kuliko pauni chache za mkazo. Rudi kwenye nailoni laini, chini ya katikati ya kiwango cha fremu. Maumivu yakiendelea, pumzika na umwone daktari.

*Mwanachama wa Ngamiani:* Kile kipande cha mpira kinachobanwa kati ya nyuzi, je, kinapunguza mkazo?

*Jibu:* Hapana. Kinabadilisha mlio na kutuliza mtikisiko wa nyuzi, basi. Kanuni zinataka kikae nje ya eneo ambamo nyuzi zinapishana.

*Mwanachama wa Raskazone:* Mwalimu, tunakwenda kucheza Arusha. Tubadilishe chochote?

*Jibu:* Ndiyo. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi kuliko hapa. ITF huidhinisha mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kama wenyeji wenu wanatumia mipira ya kawaida, ongezeni pauni mbili au tatu, na mfike mapema ili mpate muda wa mazoezi.

*Mwanachama wa Muheza:* Nyuzi zangu zina miaka miwili na hazijakatika. Kuna haja ya kuziwamba upya?

*Jibu:* Ipo. Kadiri ya kawaida ni kuwamba kwa mwaka mara nyingi kama unavyocheza kwa wiki: anayecheza mara tatu kwa wiki, awambe mara tatu kwa mwaka, na mwenye poliesta awahi zaidi. Baada ya miaka miwili, pauni ulizolipia hazipo tena. Mwambie fundi akuandikie namba na tarehe kwenye kibandiko, akibandike ndani ya shingo ya raketi.