Kuandika jina la mashua kwa herufi za Kigothi

Wateja wangu hapa Amu huja na picha kwenye simu, mara kichwa cha gazeti la New York Times, mara fulana ya mwanamuziki. "Fundi, niandikie kama hivi." Hizo ni herufi za Kigothi, mwandiko wa wanakili wa Ulaya tangu karne ya 12. Johannes Gutenberg, mchapaji wa Ujerumani, aliuiga alipochapa Biblia yake Mainz, mwaka 1455 hivi. Wapo wanaoziita herufi za Kinazi. Kumbe serikali ya Hitler yenyewe ilizipiga marufuku Januari 1941.

Hatua ya 1. Chukua brashi bapa ya upana wa sentimita 1. Ishike kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, na usiizungushe. Aliyewahi kuandika kwa kalamu ya mwanzi ataelewa upesi: unene hutoka kwenye ncha, mkono haukandamizi.

Hatua ya 2. Piga mistari kwa penseli. Kwenye khati, sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, tunapima kwa nukta; hapa pima kwa upana wa brashi. Herufi ndogo ziwe na kimo cha pana 5, yaani sentimita 5, na pana 2 za ziada kwa kichwa cha "b" au mkia wa "g".

Hatua ya 3. Jizoeze kijiti kimoja: mshazari mfupi juu, shuka wima, mshazari mfupi chini. Hakuna kupinda, mkono unavunja kona. Vijiti viwili vikiungana juu ni "n", vikiungana chini ni "u".

Hatua ya 4, na hapa ndipo kazi ilipo. Uwazi ulio ndani ya "n" uwe sawa na uwazi kati ya herufi na herufi, karibu unene wa kijiti chenyewe. Ukiupata, jina linakuwa kama mkeka uliosukwa. Ila Kiswahili kimejaa m, n, u na i. Niliwahi kuandika "Muumini" kwenye omo la mashua: baada ya M kubwa, vijiti 11 vimesimama kama boriti za mikoko bandarini. Mwenyewe akatazama, akauliza, "Sasa jina langu li wapi?" Nikarudia kwa gharama yangu. Siku hizi juu ya "i" natia alama nyembamba, na "u" naiacha wazi kabisa juu.

Hatua ya 5. Herufi kubwa ni moja tu, ya mwanzo. Zina mapambo mengi. Ukizipanga zote hazisomeki, hata mteja akililia.

Jina, cheti, kichwa cha bango, fulana: sawa. Nambari ya simu, bei ya nauli na nambari ya usajili wa chombo naandika kwa herufi za kawaida, maana hizo husomwa kutoka mbali, chombo kikiwa mbioni.