Somo: Kupanda jebera hapa Tanga, na kuitambua kati ya jamaa zake

Wenzangu, mara nyingi naletewa picha ya zinia naambiwa ni jebera, basi tuanze na kuitambua. Usitazame rangi, tazama bua. Bua la jebera halina jani hata moja. Linachomoza katikati ya majani yaliyolala chini kwa duara, lina vinyweleo, na kichwani hubeba ua moja tu. Zinia ina majani mawili mawili kwenye shina. Wedelia, ile ya manjano inayotandaa kandokando ya mitaro, nayo majani yake huelekeana. Zote ni ukoo mmoja na alizeti, na kinachoitwa ua hapo ni mkusanyiko: kila kinachoonekana kama petali ni ua kamili linalojitegemea, na katikati mmejazana mengine madogo mno.

Asili ya jebera tunazopanda ni Afrika Kusini, upande wa Barberton, na jina limetokana na Traugott Gerber, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Huishi miaka kadhaa, si ua la msimu mmoja.

Hatua ya 1, udongo. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kando ya bahari, kama Raskazone, ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Jebera hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Kwenye chokaa hushindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kwa hiyo panda kwenye chungu au ndoo iliyotobolewa chini. Mimi huchanganya debe moja la udongo mwekundu kutoka Muheza, debe moja la mboji iliyooza sawasawa, na nusu debe la nyuzi za makumbi. Ila makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi: yaloweke kwenye maji ya bomba, yamwage, rudia hata mara tatu.

Hatua ya 2, kupanda. Shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, ibaki juu kidogo ya udongo. Masika moja nilipoteza miche sita kwa kuifukia shingo ili isimame imara. Ilioza yote ndani ya wiki mbili, nami nilidhani ni joto. Hadi leo nikiona mche umezamishwa nauinua palepale, hata kama ni wa jirani.

Hatua ya 3, mahali na maji. Jua la asubuhi, kivuli baada ya adhuhuri. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si katikati ya majani. Masika vyungu viingie barazani.

Hatua ya 4, kuchuma. Shika bua chini kabisa, lipinde pembeni huku ukilivuta, litang'oka zima. Ukikata kwa kisu, kisiki kinachobaki huoza na kuambukiza shingo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo bibi. Nimepanda mbegu kutoka kwenye ua langu jekundu, mbona yametoka ya rangi nyingine?
Marahaba mwanangu. Jebera za madukani ni chotara, mbegu zake hazifuati mama. Ukitaka jekundu lilelile, subiri mmea ufikishe miaka miwili au zaidi, ung'oe, ugawe vichipukizi, kila kimoja kiwe na mizizi yake. Fanya hivyo mvua kubwa zikishapungua.

Dada, chini ya majani kuna vidudu vyeupe, nikigusa vinaruka.
Hao ni inzi weupe. Twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni ya kipande kidogo, kisha nyunyiza chini ya majani jioni. Rudia kila baada ya siku tano, kwa sababu mayai hayafi. Asubuhi yake hakikisha katikati ya mmea pamekauka.

Mama, kwangu Pongwe kuna kimmea kinatambaa uwanjani, ua lake dogo, katikati manjano na pembeni jeupe. Ni jebera ya porini?
Hapana mwanangu. Tazama vipetali vyake: ncha ya kila kimoja ina meno matatu, na majani yameota kwenye shina linalotambaa. Hiyo ni tridaksi, gugu la ukoo huohuo. Usiihamishie kwenye chungu, itakijaza.