Kutoka chuo cha jamii kwenda Smith na wenzake: anza na silabasi

Ukitaka kuhama kutoka chuo cha jamii (cha miaka miwili, Marekani) kwenda chuo cha miaka minne kama Smith, chuo cha wanawake, usitupe silabasi, hata ile ya muhula wa kwanza iliyomwagikiwa chai. Mimi krediti zangu (vipimo vya masomo niliyomaliza) za uhasibu zilikataliwa, maana vyuo vya sanaa huria, vinavyofundisha maarifa mapana, havina hamu na masomo ya ufundi wa kazi. Za takwimu zilipita baada ya kuwaonyesha tulichosoma wiki kwa wiki. Basi chukua hesabu, historia, lugha, sayansi yenye maabara. Na usirundike krediti: Smith wanataka nusu ya krediti 128 za shahada uzipate kwao.

Ukiwa mwanamke wa miaka 24 au zaidi (mimi nilisoma huku nikihudumia wazee usiku), tazama programu za wanafunzi wa umri wako: Ada Comstock ya Smith na Frances Perkins ya chuo cha Mount Holyoke. Zote ziko Massachusetts.

Ada ya masomo iliyoandikwa isikutishe. Chuo cha Amherst, kwa mfano, huziba pengo lote la fedha kwa anayekubaliwa, hata aliyehamia. Ila jaza FAFSA na CSS Profile, fomu za kuomba msaada wa fedha, mapema. Fomu hizo zinachosha kuliko insha.

Barua ya mapendekezo mwombe mwalimu aliyesahihisha kazi yako kwa kalamu nyekundu, si yule aliyekupa A bila kulijua jina lako. Mwalimu wangu wa Kiingereza nilimfuata ofisini Jumanne nne mfululizo, Novemba, kabla hajaelemewa na maombi ya barua.

Kwenye insha, usikiponde chuo ulichomo. Mimi niliandika kuhusu basi la saa 11 alfajiri, na swali moja la sosholojia lililoninyima usingizi humo ndani.