Kabla Hujaulizwa Kama Utarudi: Mwongozo wa Mwalimu Mgeni Katika Kijiji cha Wayup'ik

Mwalimu mgeni anayeshuka katika kijiji cha Wayup'ik, wenyeji wa asili wa Alaska, mwezi wa Agosti huulizwa na wanafunzi wake swali moja kabla ya Krismasi, na mara nyingi kabla hata wiki ya kwanza haijaisha: "Utarudi mwakani?" Watoto hao wamekwisha kuzoea kuona walimu wakija na masanduku yao na kuondoka nayo mwezi wa Mei, na wamejifunza kutompa mgeni moyo wao wote mpaka wajue kama anakaa au anapita. Mengi yaliyo katika mwongozo huu, yawe ya maji, ya buti au ya namna ya kuuliza swali darasani, yanahusu kujiweka katika hali ya kuweza kulijibu swali hilo kwa ukweli.

Vijiji hivi vimetawanyika katika delta ya mito Yukon na Kuskokwim, kusini-magharibi mwa Alaska, nchi tambarare ya tundra (uwanda wa baridi usio na miti), maziwa na vijito, isiyo na barabara hata moja ya kuiunganisha na sehemu nyingine za Marekani. Mji unaohudumia eneo kubwa la delta ni Bethel, wenye watu wapatao 6,000, kilomita 640 hivi magharibi mwa Anchorage. Hadi Bethel utasafiri kwa ndege kubwa. Kutoka hapo utapanda ndege ndogo ya injini moja, na kwenye kaunta mhudumu atapima mzigo wako na pia atataka kujua uzito wako wewe mwenyewe, jambo lisilostahili kukuudhi, kwa kuwa rubani anahitaji hesabu hiyo ili ajue nani akae mbele na sanduku lipi libaki nyuma. Ukungu au upepo ukizuia safari, utalala Bethel usiku mmoja, au mitatu. Kwa hiyo weka dawa zako, nguo za siku tatu, chaja na karatasi zako za ajira katika begi utakalolishika mkononi, kwa sababu mizigo mingine inaweza kufika wiki moja baada yako.

Vitu vizito havifai kubebwa kwa ndege ya abiria. Njia waliyoizoea walimu ni kujitumia vifurushi kwa posta kutoka Anchorage au kutoka walikokuwa wakiishi, kwa anwani watakayopewa na shule, kila kifurushi kikiwa na uzito wa chini ya pauni 70, ambacho ndicho kikomo cha posta ya Marekani. Tuma unga, mchele, maharagwe, viungo, kahawa, sabuni na mapazia mazito meusi. Duka la kijiji lipo, lakini kila kilichomo kimeletwa kwa ndege au kwa tishari la kiangazi, na bei yake inaonyesha hivyo. Maziwa mabichi na mboga za majani ni anasa. Friza iliyojaa ndiyo utajiri. Usitume vyombo vya nyumba nzima kabla hujaiona nyumba yenyewe, kwa sababu nyumba za walimu, ambazo kwa kawaida ni mali ya mamlaka ya shule na hujengwa karibu na shule, mara nyingi huwa na samani za msingi, na hakuna soko la nyumba za kupanga ambalo lingekupa uchaguzi mwingine.

Nyumba hizo zimesimamishwa juu ya nguzo, kwa kuwa ardhi ya chini imeganda mwaka mzima na joto la nyumba iliyokaa juu yake lingeiyeyusha na kuifanya idodomee. Katika vijiji vingi watu hupita juu ya njia za mbao zilizotandazwa juu ya matope. Uliza mapema, tena kwa uwazi, kama nyumba yako ina maji ya bomba. Nyumba ya mwalimu huwa nayo mara nyingi kuliko za majirani, na tofauti hiyo ina uzito wake: huenda mwanafunzi wako asubuhi hiyo amebeba maji ya familia kwa madumu kutoka kituo cha kijiji, na amepeleka ndoo ya choo mahali pa kumwagia, kabla hujaamka. Ukipewa nyumba isiyo na bomba, jifunze mapema kubadilisha mfuko wa ndoo kabla haujajaa, ukiufunga kwa mkono mmoja na kuinua kwa mwingine, wala usingoje ugande mlangoni. Nyumba ya kufulia ya kijiji, yenye mashine na mabafu, itakufaa kwa nguo na pia kwa habari, maana hapo ndipo watu hukaa wakingoja.

Kuhusu baridi nitasema machache, kwa sababu kila mtu atakushauri. Buti zinazostahimili nyuzi 30 chini ya sifuri, vikucha vya chuma vya kuvalia soli, tochi ya kichwani na kinga ya uso dhidi ya upepo vinatosha kuanzia. Koti bora utalinunua ukishaona wenyeji wanavaa nini. Giza husumbua watu wengi kuliko baridi. Katikati ya Desemba mwanga wa mchana katika eneo la Bethel hudumu saa tano na nusu hivi, nawe utaingia darasani gizani na kutoka gizani. Toka nje saa ya chakula, hata kwa dakika kumi. Mto ukiganda huwa barabara, na kutoka Bethel njia ya barafu juu ya Kuskokwim huondolewa theluji, huku wajitolea wa uokoaji wakiweka alama penye maji yaliyo wazi. Lakini usikanyage barafu kwa akili zako mwenyewe, wala usiondoke kijijini kwa pikipiki ya theluji bila mwenyeji na bila kumwambia mtu unakwenda wapi. Katika vijiji vya pwani, uliza pia mpango wa dhoruba za vuli. Mnamo Oktoba 2025 mabaki ya tufani Halong yaliviharibu vibaya vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, na watu walikimbilia shuleni kabla ya kuhamishwa kwa ndege. Jengo lako la kazi ndilo kimbilio la kijiji.

Kuna sheria moja isiyo na mzaha. Sheria ya Alaska inaviruhusu vijiji kupiga kura ya kukataza pombe, na vijiji vingi vya delta vimekataza kuiuza, kuiingiza na hata kuwa nayo. Chupa moja ya divai ndani ya sanduku inaweza kukufikisha mahakamani na kukumalizia kazi. Kagua mizigo yako mwenyewe.

Siku zako za kwanza usijifungie nyumbani kupanga masomo. Nenda posta na dukani, na jioni nenda kwenye ukumbi wa michezo wa shule, ambako mpira wa kikapu huwakusanya wadogo kwa wakubwa. Sikiliza redio ya VHF, ile ya kupigiana simu ya upepo, kwa maana kwenye nyumba nyingi huachwa wazi siku nzima, na kupitia kwayo hutangazwa kwamba ndege imefika, kwamba mtu anauza mikate, au kwamba kuna mazishi. Jifunze kusema quyana, yaani asante, na waqaa, yaani salamu, na usiishie kucheka tu pamoja na wanaokucheka. Rudia neno mpaka liwe sawa. Alama ya juu katika jina Yup'ik si pambo: inaonyesha kwamba p hutamkwa kwa kuivuta. Jina lenyewe limetokana na yuk, mtu, na kiambishi chenye maana ya halisi.

Ukialikwa kwenye nyumba ya mvuke, kubali. Wenyeji huiita maqivik, na kwa kawaida ni kibanda cha mbao chenye vyumba viwili: cha nje cha kuvulia nguo na kupoa, cha ndani chenye jiko la chuma, mara nyingi lililoundwa kwa pipa la mafuta, na juu yake mawe. Mlango wa ndani ni mfupi, utauingia kwa kuinama. Wanaume huoga kwa zamu yao na wanawake kwa yao. Anayekaa karibu na jiko huchota maji kwa kata yenye mpini mrefu na kuyamwaga juu ya mawe, na mvuke hushuka kutoka darini ukianzia masikioni. Ndiyo sababu wengi huvaa kofia, nawe leta yako, pamoja na taulo na maji ya kunywa. Ukizidiwa, inamisha kichwa; ukizidiwa zaidi, toka ukapoe nje, hakuna atakayekuhesabia dakika. Mazungumzo ya chumba cha kupoa, watu wakifuka mvuke katika baridi, yatakufundisha kijiji kuliko semina yoyote ya maelekezo. Mara nyingine peleka kuni au mbao za makasha, kwa kuwa kwenye tundra mti ni bidhaa adimu.

Chakula utakacholetewa ukile, au angalau ukionje. Samoni aliyekaushwa hutowezwa kwenye mafuta ya sili, mnyama wa baharini. Akutaq hupigwa kwa mafuta, sukari na matunda madogo ya tundra, wengine huongeza samaki. Usifanye utani juu ya harufu, na usizungumze kwa majivuno juu ya mnyama utakayemwinda, kwa maana wazee hufundisha kwamba mnyama hujitoa kwa mtu anayemheshimu. Kisheria, tangu 1972 uwindaji wa sili umeachwa kwa wenyeji wa asili wa Alaska, na leseni ya mkazi ya kuwinda au kuvua inahitaji uwe umeishi jimboni miezi 12. Samoni wa Kuskokwim wamepungua na siku za kuvua zinabanwa. Katika mjadala huo, mgeni wa mwaka mmoja afadhali asikilize.

Darasani ndipo mgeni mwenye bidii hukosea zaidi. Unamwuliza mtoto kama amemaliza kazi, anakutazama kimya na kuinua nyusi. Unauliza tena, anainua tena, juu zaidi safari hii. Unauliza mara ya tatu, sasa kwa sauti, ilhali mtoto amekwisha kukujibu ndiyo mara mbili. Angetaka kusema hapana angekunja pua. Baada ya kuuliza swali kwa darasa zima, ngoja. Ukimya unaokutisha wewe kwao ni muda wa kufikiri, na anayekimbilia kujibu mbele ya wenzake huonekana anajikweza. Wengi wamelelewa kujifunza kwa kutazama mikono ya mkubwa mpaka waone wanaweza, kwa hiyo onyesha kazi mwanzo hadi mwisho kabla ya kuieleza. Wala usimlazimishe mtoto kukutazama machoni.

Mtu wa kumtegemea ni mwalimu msaidizi wa Kiyup'ik aliye darasani mwako, ambaye huenda amewaona walimu kumi wakipita kwenye meza hiyo. Mwulize kabla hujabadilisha utaratibu wowote. Atakueleza, kwa mfano, kwamba hesabu ya Kiyup'ik husimama juu ya ishirini: yuinaq, ishirini, ni vidole vyote vya mikono na miguu vya mtu mmoja, na arobaini ni ishirini mbili. Somo la thamani ya tarakimu likianzia hapo halihitaji kitabu. Usitazamie mahudhurio kamili wakati wa kuwinda tuntuvak, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye mwili mkubwa kama wa farasi, wala wakati mabata bukini wanaporudi majira ya kuchipua. Mtoto aliye mtoni na babu yake yuko katika shule nyingine, yenye mtaala mkongwe kuliko wako.

Wazazi wengine watakuwa wazito kuingia shuleni, na hupaswi kulichukulia hilo kuwa ni dharau. Kuna wazee walioadhibiwa darasani kwa kusema lugha yao, na kabla ya mwaka 1976 vijana wa vijiji vingi walilazimika kwenda shule za bweni za mbali ili wasome sekondari. Mwaka huo jimbo liliafikiana nje ya hukumu katika kesi inayojulikana kwa jina la Molly Hootch, msichana wa Emmonak, likakubali kujenga shule za sekondari vijijini. Nenda wewe kwanza majumbani mwao, ukiwa na habari njema ya mtoto, kabla hujawa na malalamiko.

Utasikia mtu mzima akimwita mtoto mchanga "mama" au "mjomba". Mtoto hupewa jina la marehemu, na kwa jina hilo hurithi pia undugu wake. Kifo kikitokea kijijini, ratiba yako ya mitihani haina nguvu. Peleka chakula, nenda msibani, na usiulize maswali mengi. Mzee akikupa wewe jina la Kiyup'ik, uliza lilikuwa la nani na ndugu zake ni akina nani, kwa sababu kuanzia siku hiyo baadhi yao watakuwa na namna yao ya kukuita.

Aprili utatakiwa kusema kama unaongeza mkataba. Ukiwa huongezi, waambie wanafunzi mwenyewe, kwa maneno machache, kabla hawajasikia kwenye redio. Ukiwa unarudi, agiza chakula cha mwaka ujao kipande tishari la kiangazi, zima maji kama mwalimu mkuu atakavyokuelekeza, na uziache buti zako nzito karibu na mlango. Watoto watakuja kuchungulia siku ya ndege, na watatazama kwanza kama bado zipo.