Kuchapa resoneta ya mikrowevu kwa alumina: pima kunywea kabla ya kuchora

Resoneta ya aina hii ni silinda ya seramiki, hapa alumina (oksidi ya alumini), inayonasa wimbi ndani yake kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayoamuliwa na ukubwa wake, na silinda kadhaa zikipangwa karibu karibu ndani ya boksi la chuma huwa kichujio, yaani kifaa kinachopitisha masafa fulani tu. Katika GHz 10, kosa la asilimia 1 katika vipimo vyote huhamisha masafa kwa takribani MHz 100, jambo ambalo kichujio cha ukanda mwembamba wa masafa hakiwezi kulivumilia.

Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kuchapa kipande cha majaribio kwa uji uleule utakaotumia, wa unga wa alumina na resini inayoganda kwa mwanga, kukichoma, kisha kukipima kwa mikromita. Kipande hunywea, yaani hupungua ukubwa kikichomwa, kwa karibu moja ya tano, na kimo hakinywei sawa na upana. Tuseme umepata asilimia 20 kwa upana na 22 kwa kimo: silinda unayoitaka iwe na kipenyo cha mm 20 na kimo cha mm 10 itachapwa kwa mm 25 na mm 12.8. Mimi huongeza kidogo zaidi, kwa sababu seramiki hupunguzwa kwa jiwe la almasi lakini haiongezwi.

Pili, chapa tabaka kwa tabaka kwa mwanga, kisha osha uji uliobaki.

Tatu, pandisha joto polepole sana ili resini itoke, kwani gesi yake ikikosa njia hupasua kipande, hasa kilicho kinene. Baada ya hapo ndipo tanuri lifikishwe takribani nyuzi 1600 za Selsiasi.

Swali: Mwalimu, zirkonia, seramiki nyingine, ina pemitiviti (kipimo cha jinsi inavyopunguza mwendo wa wimbi ndani yake) karibu mara tatu ya alumina. Kwa nini tusiitumie tupate resoneta ndogo?

Jibu: Ndogo utaipata, ila zirkonia hupoteza nishati zaidi, na mwitikio wa kichujio hufifia.

Swali: Vipimo vyangu ni sahihi, lakini masafa yako juu. Je, nisage?

Jibu: Usisage, ndugu yangu, kwani kusaga huyapandisha zaidi. Kipime kipande uzito hewani na majini ili upate msongamano wake. Msongamano ukiwa chini sana ya gramu 3.98 kwa sentimita ya ujazo, kuna vinyweleo ndani vilivyoshusha pemitiviti. Chapa kingine, ukichome vizuri zaidi.