Kufupisha jina la ukoo kwenye sivi bila kujitia mashakani

Jina kama Mwinyihamisi ukilifupisha likawa Mwinyi kwenye sivi (CV) si kosa, mradi humdanganyi mtu wewe ni nani. Kazi iko kwenye kujua fupi linaingia wapi na wapi haliingii.

Liweke juu ya sivi, kwenye barua ya maombi na imeili, bas. Na liwe lile lile kote, maana ukiwa Mwinyi kwenye sivi, M. Hamisi kwenye imeili, LinkedIn nako jina zima, meneja wa hoteli kule Nyali mwenye rundo la maombi mezani hana muda wa kukaa akuunganishe, achukua ya mwengine. Wale uliowaandika waulizwe habari zako pia waambie mapema, wasije wakapigiwa simu wakasema huyo Mwinyi hatumjui.

Makaratasi sasa, hapo usicheze kabisa. Fomu ikitaka jina kama lilivyo kwenye kitambulisho jaza zima, herufi kwa herufi. PIN ya KRA (ya kodi), NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya), Good Conduct (cheti cha polisi), akaunti ya benki, vyote vyafuata kitambulisho, na mshahara ukitumwa kwa jina lisilolingana na la akaunti waweza kurudishwa ukakaa mwezi ukila kwa deni.

Mimi naona bora pale kwenye vyeti uongeze mstari mmoja, kwamba vyeti vyako vina jina kamili, ulitaje. Na kama vyeti vyenyewe havipatani, cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne) kimeandikwa Hamisi na kitambulisho kina Khamis (pwani haya yako tele), nenda kwa wakili uapishwe hati ya kiapo kabla hujaitwa intaviu. Kubadilisha jina rasmi, mpaka litangazwe kwenye Gazeti Rasmi la serikali, ni habari nyengine, kwa sivi tu huihitaji.

Majina ya dini angalia unapokata, Abdulrahman usibakishe Rahman tafadhali, hilo ni jina la Mwenyezi Mungu, afadhali utumie jina la babu.

Na kama wafupisha kwa sababu waogopa wakiliona watajua kabila au dini yako, nakuelewa na inaniuma sana, lakini jua Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, yakataza mwajiri kubagua hata yule anayeomba kazi tu. Kwa hivo tangazo la kazi na meseji zote walizokutumia usizifute, ukienda kulalamika ndizo utakazoulizwa kwanza.