Namna ya Kuifuata Hadithi ya Arthas katika Wrath of the Lich King

Siku niliyofika mwisho wa mchezo wa kompyuta uitwao Wrath of the Lich King, mpwa wangu alikuwa amekaa nyuma yangu, katika nyumba yetu ya Katuba hapa Lubumbashi, akitazama kila kitu bila kusema. Mfalme adui alikuwa ameanguka, na mtu mwingine, mwenye ngozi iliyoungua na bado inatoa mwanga wa makaa, alikuwa akiketi kwenye kiti cha enzi cha barafu. Mtoto aliniuliza: «Yaya, huyu anayewaka moto ni nani, na mbona anakubali kukaa pale?» Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimecheza miezi mingi, nimepanda kutoka kiwango cha 70 hadi cha 80, lakini nilikuwa nikibonyeza «kubali» kwenye kila misheni, yaani kila kazi ambayo mchezo unakupa, bila kusoma maneno yake. Nililazimika kurudi nyuma na kuanza upya na mhusika mwingine, na mwongozo huu umetokana na safari hiyo ya pili.

Wrath of the Lich King ni nyongeza ya pili, yaani sehemu mpya iliyoongezwa, ya mchezo wa mtandaoni World of Warcraft, iliyotolewa na Blizzard Entertainment tarehe 13 Novemba 2008. Inampeleka mchezaji kaskazini, katika bara la Northrend, kupambana na Arthas Menethil, aliyekuwa mwana wa mfalme wa Lordaeron na sasa ni Lich King, bwana wa jeshi la maiti. Hadithi yake haikuwekwa mahali pamoja wala kwa mpangilio wa miaka, bali imetawanywa katika vinywa vya watu kadhaa waliomjua Arthas kabla hajapotea, na mchezo hautakulazimisha kukutana nao. Kwa hiyo usifuate ramani wala viwango. Mfuate mtu mmoja, Arthas, na kila anapotajwa simama, umuulize anayemtaja alikuwa nani kwake.

Kabla ya yote, tafuta daftari. Hapa kwetu wengi tunacheza mchezo ukiwa katika Kifaransa, huku video za maelezo na mazungumzo ya wachezaji wa nje yakiwa katika Kiingereza, na majina yametafsiriwa kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuonekana kama watu wawili. Northrend inaitwa Norfendre, upanga Frostmourne unaitwa Deuillegivre, Jaina Proudmoore ni Jaina Portvaillant, Sylvanas Windrunner ni Sylvanas Coursevent, na upanga Ashbringer ni Porte-cendres. Andika majina yote mawili katika mstari mmoja, kisha pembeni uandike mtu huyo alizaliwa na nani, alifundishwa na nani na nani alimsaliti. Wazee wa Kiluba wanaposema kasala hawamtaji mtu peke yake. Humtaja pamoja na waliomzaa na matendo ya ukoo wake, na msikilizaji humjua mtu kwa kuwajua wale wengine. Watu wa hadithi hii wanahitaji kujulikana kwa namna hiyo hiyo.

Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe wa maisha ya Arthas kabla ya Northrend, ambayo hayakusimuliwa katika nyongeza hii bali katika Warcraft III ya mwaka 2002 na nyongeza yake ya mwaka 2003. Arthas alikuwa mwana wa mfalme Terenas na mwanafunzi wa Uther, kiongozi wa mashujaa watakatifu wanaoitwa paladini. Tauni iliyofichwa katika nafaka ilipoanza kuwageuza raia kuwa maiti wanaotembea, aliwakuta watu wa mji wa Stratholme wameshakula nafaka ile, akaamua kuwaua wote kabla hawajageuka. Uther alikataa. Jaina, aliyempenda, aligeuka akaondoka. Arthas akamfuata shetani Mal'Ganis hadi Northrend, na huko alitenda jambo ambalo naliona kuwa la maana zaidi kuliko hata Stratholme: baba yake alipoamuru jeshi lirudi nyumbani, aliwalipa mamluki wazichome merikebu zake mwenyewe, kisha akawaambia askari wake kwamba mamluki hao ndio wasaliti, na askari wakawaua. Pale Stratholme unaweza bado kubishana kama alikuwa na njia nyingine. Kwenye merikebu anawadanganya watu wanaomwamini, na anajua anachofanya. Baada ya hapo anauchukua upanga Frostmourne, mwalimu na rafiki yake Muradin anaangukiwa na barafu na kudhaniwa amekufa, naye anarudi nyumbani kumuua baba yake kwenye kiti cha enzi. Mengine yaandike kwa ufupi: anaivamia nchi ya Quel'Thalas, anamuua Sylvanas na kuitumikisha roho yake, na hatimaye anavaa kofia ya chuma iliyofungia roho ya Ner'zhul, mchawi wa Kiorki, na wawili hao wanakuwa kitu kimoja. Huyo ndiye Lich King.

Sasa fungua filamu fupi ya utangulizi wa nyongeza. Isikilize kwa makini, kwa sababu sauti inayosimulia ni ya Terenas, baba aliyeuawa, akimweleza mwanawe namna ya kutawala kwa hekima na akimuahidi kwamba siku zake zitakapokwisha, yeye atakuwa mfalme. Andika maneno hayo daftarini, kwa maana yatarudi.

Mhusika wako wa kwanza awe Death Knight, yaani askari aliyefufuliwa kumtumikia Lich King. Chagua mojawapo ya jamii za zamani, kama binadamu au Orki, kwa sababu jamii zilizoongezwa miaka ya baadaye huanza kwa hadithi nyingine fupi. Utaamka katika ngome ya Acherus inayoelea angani, na kwa muda utakuwa mtumwa wa Arthas mwenyewe, ukiteketeza vijiji vya watu wasio na hatia. Usikimbie hatua hii. Kuna misheni moja ambamo unatumwa kumuua mfungwa wa jamii yako mwenyewe. Mfungwa huyo anakujua. Anakuita, anakukumbusha ulivyokuwa kabla ya kufa, anakuomba upigane na kile kilichokushika. Maneno yake hutofautiana kulingana na jamii uliyochagua, na mchezo haukupi kitufe cha kumsamehe. Niliporudia, niliuacha mkono juu ya kipanya muda mrefu. Dakika ile ndiyo itakayokufanya umwelewe Sylvanas na wote waliowahi kutumikishwa. Mwishoni unapigana mbele ya kanisa la Light's Hope, na hapo unakutana na Tirion Fordring, paladini mzee ambaye Darion Mograine, kiongozi wa Death Knight, anamkabidhi upanga Ashbringer. Piga mstari chini ya jina lake.

Ukitaka kuingia Northrend katika mchezo wa leo, mtafute Chromie, mhusika anayewapeleka wachezaji katika nyakati zilizopita. Yuko katika mji wa Stormwind kwa upande wa Alliance na mji wa Orgrimmar kwa upande wa Horde, makundi mawili hasimu ambayo mchezaji huwa katika mojawapo. Umwombe akupeleke katika wakati wa nyongeza hii. Kuna fukwe mbili za kuanzia, na ushauri wangu ni Howling Fjord, hasa ukiwa upande wa Horde. Huko utawasaidia wataalamu wa sumu wa Sylvanas, ambaye alishajikomboa kutoka utumwa wa Lich King na sasa anaongoza maiti walio upande wa Horde, kuijaribu tauni mpya wanayodai ni ya kumwangamiza Lich King. Utazibeba chupa kwa mikono yako mwenyewe. Weka alama katika daftari, kisha uendelee hadi Dragonblight.

Misheni za Dragonblight, kwa pande zote mbili, zinaishia kwenye lango liitwalo Wrathgate, nazo ni moyo wa nyongeza nzima. Alliance wanaongozwa na Bolvar Fordragon, Horde na kijana Dranosh Saurfang, na kwa mara moja wanapigana bega kwa bega. Filamu inapoanza, usiiruke hata kama mtandao unasuasua. Mimi huicheza usiku wa manane, saa ambayo wengi mtaani wamelala na mtandao umetulia. Lich King anatoka, anamuua Dranosh kwa pigo moja na kuchukua roho yake. Bolvar anamwambia atalipa. Ndipo kutoka juu ya mlima mtaalamu mmoja wa sumu, Putress, anawamwagia wote tauni, marafiki kwa maadui, na tauni hiyo ni ile ile uliyoibeba katika chupa. Majoka mekundu wa Alexstrasza, malkia wao, wanashuka na kuichoma sumu kwa moto, na Bolvar hatumwoni tena akisimama. Zamani misheni ziliendelea hadi vita vya Undercity, mji wa Sylvanas, lakini sehemu hiyo iliondolewa katika mchezo wa kawaida ilipokuja nyongeza iliyofuata, Cataclysm, kwa hiyo itazame katika video iliyohifadhiwa.

Hapa ndipo jibu la mpwa wangu lilipokuwa limelala. Anayeungua kwenye kiti ni Bolvar.

Ukipita Grizzly Hills, usimpuuze Drakuru, mfungwa aliye ndani ya kizimba, anayekuomba msaada kwa upole. Utamfanyia kazi moja baada ya nyingine hadi ngome ya Drak'Tharon, na huko utagundua kwamba kila ulichofanya kilikuwa kwa faida ya Lich King. Katika Zul'Drak utajigeuza mtumishi wake ili kumpindua, na Drakuru anapoanguka, Lich King anakuja mwenyewe, anakutazama na kukuacha uende zako. Jiulize kwa nini hakuui, andika swali hilo, uliache wazi. Katika Storm Peaks msikilize Mdwafu, mtu wa jamii ya watu wafupi, aliyepoteza kumbukumbu, anayeitwa Yorg Stormheart: huyo ni Muradin, hakufa. Ngome ya Ulduar, iliyoongezwa Aprili 2009, ina hadithi yake kubwa kuhusu mungu wa kale Yogg-Saron. Kwa anayemfuata Arthas inatosha kuyaona maono yaliyo ndani ya akili ya mungu huyo, ambamo Lich King anaonekana akimtesa Bolvar. Kwa hiyo Bolvar yu hai, na hakubali kuinama.

Icecrown, eneo lenye ngome ya Lich King, ndiko ambako wachezaji wengi hupoteza uzi. Utakutana na roho ya mtoto mdogo, Matthias Lehner, anayekuonyesha siku za nyuma za Arthas na kukuongoza hadi mahali moyo wake ulipofichwa baada ya kuung'oa kifuani. Chukua karatasi, uandike jina lake kwa herufi kubwa, ukate herufi moja moja, uzitawanye mezani. Nilifanya hivyo na mpwa wangu jioni moja umeme ulipokatika, kwa mwanga wa mshumaa. Herufi ni 14. Mtoto alizisogeza kwa kidole, akapata A, R, T, H, A, S, akanyamaza, kisha akaipanga M na zilizobaki zikaingia bila kubaki hata moja: Arthas Menethil. Kumbe mtoto aliyekuwa akituongoza ni yule Arthas wa zamani, kilichosalia cha utu wake. Ndiyo maana pigo la Tirion juu ya moyo ule linauma kulitazama, ingawa unajua lazima lipigwe.

Kabla ya vita vya mwisho, pitia mambo mawili. La kwanza ni Stratholme, kupitia Caverns of Time, mapango ya kusafiri katika nyakati zilizopita, ambako unatakiwa kumsaidia Arthas kuua mji ili historia isipinduliwe. Nenda baada ya Matthias, si kabla, na utamwona kwa macho mengine. La pili ni Halls of Reflection, moja ya sehemu tatu zilizofunguliwa Desemba 2009 pamoja na ngome ya Icecrown. Humo roho ya Uther, ambaye Arthas alimuua kwa Frostmourne, inatoka ndani ya upanga huo kwa muda mfupi na kusema kwamba Lich King lazima awepo daima, kwa maana maiti bila wa kuwazuia wangeifunika dunia. Bila maneno hayo, mwisho wote hauna maana.

Ndani ya ngome, Dranosh anasimama dhidi yako akiwa maiti aliyefufuliwa. Ukimshinda ukiwa upande wa Alliance, baba yake, Varok Saurfang, anakuja kuuchukua mwili. Muradin anamzuia, naye Varian, mfalme wa Stormwind, anaamuru baba mwenye kilio apishwe njia. Varok anambeba mwanawe na kuondoka. Hapa kwetu, ambapo hata waliokosana husimamisha ugomvi mwili unapopita, tukio hilo halihitaji maelezo.

Juu kabisa, Arthas atakuua wewe na wenzako wote kwa pigo moja, kwani ndicho alichokuwa akikuandalia tangu alipokuacha Zul'Drak: alitaka mashujaa bora ili awafufue kuwa majemadari wake. Tirion anavunja barafu iliyomfunga na kuipasua Frostmourne kwa Ashbringer. Roho zilizofungwa ndani yake zinatoka. Mmoja wao ni Terenas, naye ndiye anayekuinua. Fungua daftari kwenye ukurasa wa filamu ya utangulizi, usome tena maneno ya baba yule, kisha utazame anavyopiga magoti na kumshika mwanawe anayekufa. Arthas anamuuliza kama imekwisha. Baba anamjibu kwamba hatimaye imekwisha, na kwamba hakuna mfalme atawalaye milele.

Halafu Bolvar anaomba kofia. Mpwa wangu alipoona mara ya pili hakuuliza tena ni nani, alisogea karibu na skrini, akasema kwa sauti ndogo: «Huyu moto ulishamchoma mara moja. Ndiyo maana anaweza kukaa kwenye barafu.»